Haki ya Kusikilizwa Mara ya Pili

Arnold Schoenberg alishangiliwa Vienna tarehe 23 Februari 1913, akazomewa Vienna tarehe 31 Machi mwaka huohuo. Ukumbi ulikuwa mmoja, Musikverein. Februari iliimbwa Gurre-Lieder, kazi kubwa ya okestra na kwaya aliyoanza kuitunga mwaka 1900, akiwa bado anafuata nyayo za Wagner. Watu walishangilia kwa nguvu. Naye, kwa kinyongo cha miaka mingi, akawainamia wanamuziki na kuwapa wasikilizaji mgongo. Machi alisimama mwenyewe kuongoza kazi mpya: yake, ya shemeji yake Alexander Zemlinsky, na za wanafunzi wake Anton Webern na Alban Berg. Safari hii makofi yaliishia mashavuni. Onyesho likavunjika kabla ya nyimbo za Mahler zilizopangwa kulifunga, na kesi ikafika mahakamani.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema muziki ule haukuwa na masikio ya kuustahimili, na wapo wanaosema watu wa Vienna walikuwa washamba wa sanaa. Toleo hili halikubaliani na upande wowote. Tunadai kwamba watunzi wa kisasa wa mwanzo wa karne ya 20 waliandika kwa ajili ya sikio linalorudi, ilhali kazi zao zilipelekwa mbele ya watu waliozoea kusikia mara moja, kutoa hukumu na kwenda kula.

Aliyeimba kwaya kwa sol-fa anaijua nguvu ya do. Wimbo huanzia hapo au karibu yake, hutembea, na hata asiyejua noti moja hutambua umefika nyumbani. Muziki wa Ulaya ulisimama juu ya utaratibu huo kwa karne kadhaa. Mwaka 1908, katika kwarteti yake ya pili ya nyuzi, Schoenberg alimwingiza soprano kati ya wapigaji wanne, na katika sehemu ya mwisho akaiacha do ipotee karibu kabisa. Miaka ya mwanzo ya 1920 ndipo alipopata utaratibu wa kushika nafasi hiyo. Noti zote 12 zinapangwa katika safu moja. Safu hiyo inaweza kusomwa kama ilivyo, kusomwa kinyumenyume, kupinduliwa juu chini, au vyote viwili kwa pamoja, na kuanzia noti yoyote kati ya hizo 12. Ukijumlisha unapata sura 48 za safu moja. Waliomkejeli waliita hiyo hesabu. Lakini kazi ya safu ni kumpa mtunzi msingi mmoja wa kazi nzima, na kulipa sikio uhusiano wa kuutambua pale ambapo hakuna tena nyumbani pa kurudi. Uhusiano huo haukamatwi usiku mmoja.

Igor Stravinsky anatupa ushahidi ulio wazi zaidi. Tarehe 29 Mei 1913, Paris, baleti yake Le Sacre du printemps ilizua zogo tangu fagoti ilipoanza kulia juu kuliko ilivyozoeleka. Kelele ziliwazidi wachezaji hata wakashindwa kuisikia okestra. Aprili 1914 Pierre Monteux, kiongozi yuleyule wa usiku wa zogo, aliupiga tena muziki ule Paris, mara hii bila wachezaji jukwaani. Stravinsky alitoka akiwa amebebwa mabegani. Mikazo ya mdundo iliyokuwa ikiruka isipotarajiwa haikuwa imelainishwa. Kilichobadilika ni mazingira ya kusikiliza, na jiji lilikuwa limepata karibu mwaka mzima wa kuizoea habari yake.

Schoenberg alilielewa jambo hili kuliko wote. Mwaka 1918 alianzisha Vienna chama cha maonyesho ya faragha ya muziki. Masharti yake yangewashangaza waandaaji wa tamasha wa leo: hakuna kupiga makofi wala kuzomea, waandishi wa magazeti hawaingii, na programu haitangazwi mapema ili mtu asije kwa sababu ya jina tu. Kila kazi ilifanyiwa mazoezi mpaka iive, kisha ikarudiwa. Kuanzia Februari 1919 hadi mwisho wa 1921 maonyesho 117 yalibeba kazi 154, zilizopigwa jumla ya mara 353. Walisikika Debussy, Reger, Bartók na Stravinsky. Katika misimu ya mwanzo Schoenberg hakuruhusu hata kazi yake moja ipigwe. Fedha zilipokauka, yeye, Berg na Webern walikaa wakaandika upya valsi za Johann Strauss kwa kikundi kidogo, zikapigwa, na miswada ikapigwa mnada. Mfumuko wa bei ukakiua chama hata hivyo. Kwetu sisi, chama hicho ni uvumbuzi sawa na zile noti 12.

Béla Bartók aliifikia hoja ileile kwa njia ya vijiji. Yeye na Zoltán Kodály walizunguka na fonografu ya Edison, wakinasa nyimbo za wakulima wa Hungaria kwenye silinda za nta. Mwaka 1913 Bartók alifika Biskra, Aljeria. Mashine ilimruhusu kurudia madoido ya sauti mpaka ayaandike. Katika miaka ya 1930 alizirudia rekodi zake za ujanani na kusahihisha alichoandika zamani.

Hapa pana pingamizi ambalo hatutalikwepa: nafasi ya kusikiliza tena ina mwenyewe. Mwaka 1906 Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita kusini mwa Tanzania ya leo na fonografu yake, nchi ikiwa bado katika majeraha ya Maji Maji. Nyimbo za Wayao na Wamakonde alizozinasa zilikwenda Ujerumani pamoja naye, na aliyeweza kuzirudia ni mwenye mashine. Chama cha Vienna nacho kilikuwa na mlango, na mlango ulifunguliwa kwa wanachama. Sanaa inayodai kurudiwa, lakini ikarudiwa mbele ya wachache, hatimaye huzungumza na wachache. Ndiyo maana makala za toleo hili zinajadili mbinu za watunzi hawa sambamba na kumbi zao, tiketi zao na rekodi zao.

Wala hatumlazimishi mtu kupenda. Aliyesikiliza kwa makini mara tatu na bado akamkataa Webern ana haki zote za kumkataa, na kurasa zetu ziko wazi kwake. Tunachokataa ni hukumu ya mara moja, kwa sababu mwaka 1913 ilishindwa katika miji miwili, na leo kurudia wimbo hakuhitaji chama wala silinda. Hivyo kuanzia toleo hili jarida halitachapisha uhakiki wa kazi mpya ambayo mhakiki ameisikia mara moja tu. Watunzi wa nyumbani, ambao mara nyingi kazi zao hupigwa siku ya uzinduzi na kufungiwa kabatini, watakuwa wa kwanza kunufaika na sharti hilo.