Injini iliyofanyiwa ovahoo ipewe mlima

Injini ya Land Rover ya zamani iliyotoka kufanyiwa ovahoo haijawa tayari kwa kazi siku ile inapowaka. Ringi mpya bado hazijakaa sawasawa na kuta za silinda, na kinachozikalisha ni namna gari linavyoendeshwa katika kilomita mia chache za mwanzo. Wilayani Rungwe, ambako magari haya bado yapo yanayoshusha ndizi na viazi hadi kwenye lami, pupa ya kupakia huua injini changa, lakini nia njema nayo huiua: gari kuachwa uani linanguruma sailensa kutwa nzima, eti injini ilainike.

Silinda iliyochongwa upya haiachwi laini kama kioo. Ukuta wake hukwaruzwa makusudi mistari myembamba inayokatana, ambayo hushika oili na kuusaga kidogo uso wa ringi mpaka viwili hivyo vishikane. Ringi haikandamizwi ukutani na ukakamavu wake tu. Gesi ya mwako hupenya nyuma yake na kuisukuma. Injini isiyo na mzigo huchoma petroli kidogo, gesi hukosa nguvu, na oili inayobaki ukutani huungua polepole hadi iwe utando mgumu unaong'aa. Utando ukishaziba ile mistari, injini itakula oili na kutoa moshi wa bluu hata kama vipuri vyote ni vipya. Hapo hakuna dawa ila kuishusha tena, na habari hiyo hakuna fundi anayependa kumpelekea mwenye gari.

Zipo injini, Rover V8 ikiwamo, ambazo zikiwaka tu hutakiwa kushikiliwa kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 hivi, ili kemshafti na tapeti bapa zizoeane. Injini ya petroli ya lita 2.25 ya Series III ina tapeti za rola. Haihitaji ibada hiyo. Kinachohitajika kwake ni plagi kutolewa na stata kuizungusha mpaka taa ya oili izimike, kisha iwashwe, ikaguliwe kama inavuja, na gari liondoke. Oili iwe ya kawaida, si ya sintetiki.

Mwinuko nao una neno lake. Tukuyu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Isongole hupita mita 2,000. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam humwaga huku petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, choki ikisahauliwa imevutwa, uharibifu huzidi. Basi kabureta isetiwe hapahapa. Maji nayo huchemka Tukuyu kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta usioshika presha ubadilishwe kabla ya safari ya kwanza.

Barabara ya kwenda Uyole ni mwalimu mzuri wa ringi. Gari likiwa tupu au na mzigo mdogo, lipande kutoka Kiwira kuelekea Isongole kwa gia ya tatu, mafuta yakanyagwe zaidi ya nusu kwa muda mfupi, kisha yaachiwe, kisha yakanyagwe tena. Kulazimisha gia ya nne mlimani huku injini ikitetemeka ni kuziumiza beringi. Kwenye mteremko mguu utoke kwenye mafuta na injini ilizuie gari. Mvuto unaotokea ndani ya silinda hupandisha oili kwenye ringi na kuosha chembe za chuma. Tambarare ya Kyela, yenye joto na mwendo usiobadilika, haifai kwa siku za mwanzo.

Baada ya kilomita 500 oili na filta hubadilishwa, hata kama oili inaonekana safi, maana chembe nyingi za chuma hutoka katika kipindi hiki. Bolti za silinda hedi hukazwa upya kwa vipimo vya kitabu cha gari, na tapeti husetiwa milimita 0.25. Oili ikiacha kupungua na moshi ukikatika, ringi zimekaa. Ndizi zianze kupakiwa kidogo kidogo. Mzigo kamili usubiri kilomita 1,500 hivi, na trela isubiri zaidi.