Malaika ya mkononi yana kazi
Tusiyadharau malaika ya mkononi, zile nywele laini za ngozini. Mwili wa binadamu una vinyweleo vipatavyo milioni 5, idadi inayokaribiana na ya sokwe. Tofauti ni kwamba kwetu nywele zenyewe zimekuwa fupi na nyembamba. Wanasayansi wengi hueleza kuwa mababu zetu, walipoanza kutembea na kukimbia mbugani juani, walihitaji ngozi iliyo wazi ili jasho likauke upesi na kuupoza mwili. Basi kwa nini malaika hayakutoweka kabisa? Jibu moja lilitoka Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mwaka 2011. Watafiti waliwanyoa watu wa kujitolea mkono mmoja, wakauacha wa pili, kisha wakawawekea kunguni. Kwenye mkono wenye malaika, kunguni alichelewa kupata pa kuuma, na mwenye mkono alimhisi mapema, kwa kuwa mzizi wa kila unywele umezungukwa na mishipa ya fahamu. Kunyoa ni hiari ya mtu, lakini watoto wetu wafundishwe kwamba malaika si uchafu wala aibu, ni kinga.