Matokeo ya Upasuaji wa Tundu Dogo Yahesabiwe Bagamoyo

Kabla ya kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili mwaka 2015, Mtanzania aliyehitaji kutanuliwa valvu ya moyo au kuzibuliwa mshipa wake, mara nyingi alisubiri jina lake litokee katika orodha ya wanaopelekwa India. Wengine walifariki wakisubiri. Leo mgonjwa kutoka Kaole, Mlingotini au Mapinga anaweza kulazwa Dar es Salaam, akatibiwa kwa tundu dogo la pajani au la kifundo cha mkono, na baada ya siku chache akapanda daladala kurudi kwake akiwa na bendeji ndogo tu. Hayo ni mafanikio makubwa, na hakuna sababu ya kuyaonea haya. Tatizo ni namna yanavyohesabiwa. Kinachotangazwa zaidi ni idadi ya waliotibiwa. Swali la wangapi kati yao wanapumua vizuri mwaka mmoja baadaye, wanafanya kazi, hawajapata kiharusi na bado wanatumia dawa, haliwezi kujibiwa wodini. Jibu lake liko Bagamoyo, na huko ndiko linakopaswa kutafutwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa valvu ya mitrali iliyosinyaa kutokana na homa ya rumatiki. Mtoto huumwa koo kwa bakteria, kinga ya mwili wake ikachanganyikiwa na kuushambulia moyo, na miaka kumi au ishirini baadaye valvu ambayo kwa kawaida hufunguka kwa sentimita za mraba 4 hadi 6 imebakiwa na upenyo usiofika 1.5. Damu hurudi nyuma mapafuni. Mgonjwa hukohoa, huchoka akipanda ngazi, hulala ameegemea mito. Wengi huanza kwa kutibiwa pumu au kifua kikuu. Mjapani Kanji Inoue ndiye aliyebuni, mwanzoni mwa miaka ya 1980, puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, likatobolewa njia kupitia ukuta unaotenganisha vyumba vya juu vya moyo, kisha likajazwa katikati ya valvu hadi mashavu yake yaliyogandamana yaachane. Kifua hakifunguliwi, wala mashine ya kusukuma damu nje ya mwili haihitajiki. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, yaani asiye na bonge la damu ndani ya moyo wala valvu inayovuja sana au iliyokakamaa kwa chokaa, nafuu huonekana siku ile ile.

Nafuu hiyo ya haraka ndiyo inayopotosha. Mtu aliyepasuliwa kifua hubaki na kovu refu linalomkumbusha kila aogapo kwamba moyo wake uliguswa. Aliyetibiwa kwa tundu dogo hana cha kumkumbusha. Majirani nao humwambia amepona. Ukweli ni kwamba valvu yake ni ile ile yenye makovu, imetanuliwa tu, na kadiri miaka inavyopita yaweza kusinyaa tena. Chumba cha juu cha kushoto kilichotanuka kwa miaka mingi hakirudi kuwa cha kawaida kwa siku moja. Mapigo ya moyo yakiwa yameshavurugika, damu itaendelea kutuama humo na kufanya mabonge, na bonge moja likipanda kichwani, mama aliyetoka hospitali akitembea anarudishwa amepooza upande mmoja.

Utafiti wa REMEDY, uliowasajili wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika nchi 14 zikiwamo Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji, ulionyesha jinsi pengo lilivyo kubwa. Ni kama nusu tu ya wagonjwa waliokuwa wakipata penisilini ya kinga. Kati ya waliopewa dawa ya kuzuia damu kuganda, ni asilimia 28 tu waliokuwa na damu katika kiwango kinachotakiwa. Kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa, asilimia 3.6 tu ndio waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango. Baada ya miaka miwili, takriban asilimia 17 ya waliofuatiliwa walikuwa wamefariki, na nusu ya waliofariki hawakuwa wamefikisha umri wa miaka 29. Takwimu hizo si za Tanzania, lakini mhudumu yeyote wa pwani atazitambua.

Penisilini kwanza. Sindano ya benzathini penisilini, kila baada ya wiki tatu hadi nne, huzuia homa ya rumatiki isirudi kuiharibu valvu iliyokwisha kutanuliwa. Aliyefanyiwa utaratibu huu huihitaji walau hadi umri wa miaka 40, na wengine maisha yote. Nguvu yake imethibitishwa jirani kabisa, Gulu nchini Uganda: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watoto wenye dalili za awali za ugonjwa waliochomwa sindano hiyo kwa miaka miwili ni asilimia 0.8 tu waliozidiwa, ilhali kwa wasiochomwa ilikuwa asilimia 8.2. Hata hivyo, wauguzi wengi wa zahanati huiogopa sindano hii, na hofu yao si upuuzi, kwani mgonjwa mwenye valvu iliyosinyaa sana au moyo dhaifu anaweza kuzimia baada ya kuchomwa, naye huenda akafaa zaidi vidonge. Ndiyo maana uamuzi huo uandikwe na daktari wa moyo, kwa maneno yanayosomeka, asiachiwe muuguzi aliye peke yake zahanati.

Pili ni warfarini. Mwaka huo huo wa 2022 utafiti wa INVICTUS ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo yaliyovurugika, dawa hizi za zamani ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani, iliyo mpya na isiyohitaji kipimo. Basi kipimo cha INR hakikwepeki, na kiwango chake kwa wagonjwa hawa ni kati ya 2 na 3. Ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba mgonjwa aache mboga za majani, haumsaidii mtu wa pwani. Matembele, kisamvu na mchicha ndivyo chakula chake. Akiambiwa aviache, ataviacha wiki mbili kisha avirudie, na damu itayumba. Aambiwe ale kiasi kile kile kila wiki, dozi ifuate mlo wake. Aulizwe, bila kukaripiwa, kama anatumia dawa za mitishamba. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, ratiba ya vidonge, hasa vya kupunguza maji mwilini, ipangwe mapema pamoja naye. Na mwanamke aelezwe wazi kwamba warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mimba, si kliniki ya wajawazito.

Kwa waliowekewa stenti neno ni fupi: dawa mbili za kuzuia chembe za damu zisishikane haziachwi bila idhini ya daktari, hata kwa sababu ya kung'oa jino.

Yote haya hayahitaji bingwa wa moyo akae Bagamoyo. Kinachohitajika ni mashine ndogo ya INR inayotumia tone la damu ya kidoleni, penisilini isiyokatika stoo, na muuguzi mmoja mwenye daftari la wagonjwa wa moyo wa wilaya. Wapo watakaosema mgonjwa anaweza kurudi Muhimbili, kwani ni kilomita 70 hivi tu. Kwa mwenye gari, ndiyo. Kwa mama anayelima mwani Mlingotini, kwenda na kurudi ni siku nzima ya kazi, nauli, na chakula cha njiani. Akifanya hivyo kila mwezi kwa kipimo cha dakika mbili, mwezi wa nne hataonekana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango, lakini bima hailipi siku iliyopotea.

Barua ya kumruhusu mgonjwa nayo iandikwe kwa Kiswahili, nakala moja abaki nayo yeye, nyingine ifike kituo chake cha karibu kabla yake. Itaje upenyo wa valvu kabla na baada, kiwango cha INR kinachotakiwa, tarehe ya sindano ijayo, dalili za hatari na namba ya simu ya kitengo inayopokelewa. Baada ya miezi 12 muuguzi wa wilaya aijaze sehemu ya chini: yu hai au la, anatumia dawa au la, amelazwa mara ngapi; kisha airudishe Dar es Salaam, ambako ijumlishwe katika ripoti ile ile inayotaja idadi ya waliotibiwa.