UKURASA WA FAMILIA: Tucheze Ngoma ya Mwenyeji, au Tujifungie Ndani?

  

Kwenye kikao cha wazazi shuleni lilitokea swali moja, likazua mabishano. Familia ikihamia nchi ya mbali, itaishije na sherehe za watu wa kule? Wazee wengine walisema mwacha mila ni mtumwa, mtoto akicheza ngoma ya wenyeji atasahau ya kwao. Wengine wakajibu kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Kengele ikalia kabla hatujaelewana. Basi mwezi huu tuutazame mji mmoja tu, Valencia, nchini Hispania, tuone familia ya mgeni inakutana na nini.

Kwa nini Valencia? Kwa sababu mji huo una historia na watu wa hali yetu. Mwezi Juni 2018 meli ya uokoaji iitwayo Aquarius ilikuwa katika bahari ya Mediterania na mamia ya watu waliookolewa majini. Italia na Malta zikakataa isitie nanga kwao. Hispania ikasema njooni. Tarehe 17 Juni watu 630 wakashuka katika bandari ya Valencia, wakiwa wamegawanywa kwenye meli tatu. Wengi walitoka nchi za Afrika, na kati yao walikuwemo watoto waliosafiri bila wazazi. Siku tatu baadaye ilikuwa Siku ya Wakimbizi Duniani.

Valencia ni mji wa watu kama 800,000, wa tatu kwa ukubwa Hispania. Mgeni akifika anakwenda kwanza kujiandikisha manispaa kwamba anakaa mtaa fulani, halafu anatafuta nafasi ya mtoto shuleni. Kule elimu ni lazima tangu miaka 6 hadi 16, na mtoto wa mgeni ana haki hiyo hiyo. Darasani atakuta lugha mbili, Kihispania na Kivalencia. Chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku saa tatu. Hayo yote mtu anazoea polepole. Lakini ukifika mwezi wa Machi, jamani, mji mzima unabadilika.

Ni sikukuu ya Fallas, ya kumheshimu Mtakatifu Yosefu. Husimuliwa kwamba zamani maseremala walichoma mabaki ya mbao mbele ya karakana zao, kwa kuwa Yosefu ndiye msimamizi wao. Siku hizi kila mtaa hujenga sanamu kubwa za mbao, karatasi na povu gumu, nyingine ndefu kupita nyumba ya ghorofa. Nyingi ni za kejeli. Zinawacheka wanasiasa, matajiri, hata watu wa mtaa wenyewe. Katikati ya Machi zinasimamishwa barabarani, na usiku wa tarehe 19 zinachomwa moto zote. Kazi ya mwaka mzima inakuwa majivu, na kesho yake watu wanaanza kufikiria za mwaka ujao. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Sasa hapa ndipo tunapotaka wazazi mtusikilize vizuri. Kuanzia tarehe 1 hadi 19 Machi, kila siku saa nane mchana, baruti hulipuliwa katika uwanja wa mbele ya manispaa. Inaitwa mascletà. Inachukua dakika chache tu, lakini ardhi inatetemeka. Wenyeji wanapiga makofi. Zaidi ya hiyo, watoto wa mitaani kwao wanarusha fataki asubuhi hadi usiku.

Kwa mwenyeji hiyo ni furaha, na kwa mtoto aliyekimbia risasi ni kitu kingine kabisa. Tunawajua watoto hao, tunakaa nao darasani. Bati likianguka wanaingia chini ya dawati. Hata watu wazima wapo, ila wanaficha. Mzazi usimwambie mtoto "acha woga, wenzako wanacheka." Si woga huo, ni mwili unakumbuka.

Kinachosaidia ni kumwambia mapema. Mwonyeshe saa: itaanza saa hii, itaisha saa hii, ni baruti ya sherehe, hakuna anayeumizwa. Simameni mbali, mshike mkono, azibe masikio. Akisema hataki kwenda, msiende. Mwambie na mwalimu wake pia. Mwalimu wa kule hajui mtoto alipotoka, wewe ndiye unayejua. Na shauri hili halingoji safari. Hata hapa kambini, siku ya harusi au ya mwaka mpya, litumieni.

Tukirudi kwenye swali la kikao, je, mgeni anaingiaje? Kila mtaa una chama chake cha Fallas, chenye nyumba yake ya kukutania. Wanachama wanalipa ada, na watoto wana kamati yao. Gharama ipo, tusidanganyane. Gauni la hariri wanalovaa wanawake na wasichana linaweza kufika maelfu ya euro. Familia iliyofika juzi isikope kwa ajili ya gauni. Milango ya bure ipo. Shule nyingi zinatengeneza sanamu ndogo na wanafunzi, na mtoto wako akishika gundi na rangi pamoja na wenzake, lugha inakuja yenyewe. Kutembea mitaani kutazama sanamu hakuna kiingilio. Watu wa mtaa hupika wali wao, paella, barabarani kwa kuni. Na wanakaanga maandazi ya boga! Mama wa hapa akiyaona atajua kabisa anachokiangalia, na pengine atawafundisha jambo.

Tarehe 17 na 18 maelfu ya watu wanaandamana na maua kwa Bikira Maria, msimamizi wa mji. Jina wanalomwita maana yake ni Mama wa Walioachwa bila Msaada. Asiye wa dini hiyo halazimishwi, anaweza kusimama pembeni kwa heshima kama tunavyofanya hapa jirani anaposali.

Kuna jambo moja la Fallas ambalo tunadhani linawajibu wazee wetu. Si sanamu zote zinazochomwa. Tangu mwaka 1934 watu wanapiga kura kuchagua sanamu moja ya kuokolewa, na sasa huokolewa pia moja ya watoto. Zinawekwa makumbusho, hata wajukuu wanaziona. Yaani watu hao hao wanaopenda moto wamekaa pamoja wakakubaliana nini kisiungue.

Familia nayo inaweza kukaa hivyo. Huwezi kubeba yote. Nyumba tuliiacha, shamba tuliliacha. Lakini mnaweza kukubaliana, baba, mama na watoto: lugha ya nyumbani itazungumzwa mezani, jina la babu litabaki, hadithi fulani itasimuliwa, wimbo fulani utaimbwa. Mkishajua mnachokishika, mtoto anaweza kwenda kwenye sherehe ya wenyeji bila wazazi kushika roho. Anayepotea ni yule aliyekatazwa kutoka nje na huku ndani hakupewa kitu. Huyo hana ngoma ya kule wala ya kwao.

Kwa hiyo tunawapa kazi ya nyumbani, wazazi. Wiki hii waulizeni watoto wenu: tukihama kesho, ni jambo gani la kwetu usingependa lipotee? Msiwasahihishe, sikilizeni tu. Wengine watawashangaza. Majibu leteni kwa walimu wa kujitolea, kwa maandishi au kwa mdomo, na tutayachapa mengine mwezi ujao bila kutaja majina.

Tunawatakia amani na usingizi mwema.

Walimu wenu wa kujitolea