Uwakilishi Haukushushwa Bandarini

Imani kwamba serikali ya uwakilishi, yaani utaratibu wa wananchi kuwachagua wachache wawasemee katika kutunga sheria na kukagua fedha, ni zawadi ambayo Mwingereza aliileta Tanganyika na kuwakabidhi watu waliozoea kuamriwa tu na watemi wao, imeota mizizi madarasani, majukwaani na hata vinywani mwa watu ambao babu zao walilala porini kuwakwepa wakusanya kodi ya kichwa. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake yanaonekana hadi leo katika ofisi za vijiji vya Mkwajuni, wilayani Songwe.

Ushahidi unaotolewa siku zote ni Baraza la Kutunga Sheria, maarufu kama LEGCO, lililoanzishwa mwaka 1926 wakati wa Gavana Donald Cameron. Wajumbe wake wote waliteuliwa, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja hadi mwaka 1945, walipoingizwa Mangi Abdiel Shangali wa Machame na Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga, nao pia kwa uteuzi. Uchaguzi ulipokubaliwa, mwaka 1958 na 1959, uliwekewa masharti ya kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa; na juu ya hayo likaja sharti la kura tatu, ambalo lilimlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, katika nchi ambayo Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu wote. Baraza lililopangwa hivyo lilikuwa ukuta wa kuzuia uwakilishi, na chama cha TANU, baada ya mjadala mkali wa mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kiliamua kuingia katika uchaguzi huo ili kiubomoe ukuta kutoka ndani.

Mwaka uleule wa 1926 ilitungwa pia Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, ambayo ndiyo iliyozaa yule mtemi asiyeulizwa ambaye wengi leo humdhania kuwa ni wa asili. Chini ya utawala huo wa kupitia machifu, mtemi alilipwa mshahara, aliamrishwa na bwana shauri, yaani afisa wa kikoloni wa wilaya, na aliweza kubakia madarakani hata kama watu wake wamemchoka, almradi kodi inafika. Kabla ya hapo mambo hayakuwa hivyo. Miongoni mwa Wanyakyusa, majirani na ndugu wa karibu wa Wandali wa Ileje, vijiji viliongozwa na amafumu, wakuu waliotoka katika watu wa kawaida wala si katika ukoo wa kichifu. Na Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1930, alieleza jinsi wakuu hao walivyoweza kumkemea chifu, na jinsi hasira ya wanakijiji, waliyoiita pumzi ya watu, ilivyoaminiwa kuwa inaweza kumwangusha kitandani mtawala aliyewakosea. Anayecheka imani hiyo ajiulize ni katiba gani ya maandishi iliyowahi kumnyima usingizi mtawala kiasi hicho.

Haisemwi hapa kwamba enzi za kale zilikuwa peponi. Karne ya 19 nyanda hizi za kusini-magharibi zilivamiwa na kuporwa, na Merere, chifu wa Wasangu, hakuwaomba ridhaa majirani zake. Lakini hata katika nyakati hizo ngumu watu walikuwa na silaha moja ambayo wanahistoria wa darasani huisahau, nayo ni kuhama: kaya zilifunga mizigo usiku zikaenda kuishi chini ya mtawala mwingine, na mtawala aliyekimbiwa alibaki na cheo bila watu wa kumlimia wala kumpigania. Hiyo ilikuwa kura, tena nzito. Kodi ya kibanda ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwishoni mwa miaka ya 1890, pamoja na daftari za walipakodi zilizoifuata, ilifanya kura hiyo iwe ngumu kupigwa, na ndiyo maana upinzani ukalazimika kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ilionekana wazi zaidi huko Upareni. Katika miaka ya vita kuu ya pili serikali iliwawekea Wapare mbiru, kodi ya ziada iliyopangwa kwa makadirio ya mali ya kila mtu, ambayo hawakuulizwa walipowekewa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kwa miezi kadhaa. Hawakukataa kulipa kodi ya kawaida. Walikataa kukadiriwa na watu wasiowachagua. Mashamba yalikaa bila wa kuyahudumia, na wanawake nao wakaingia katika mapambano, wakamkabili bwana shauri ana kwa ana, wakamwambia kwamba kama amewachukulia waume zao basi awe mume wao yeye. Kodi hiyo iliondolewa. Wakulima wale walikuwa wamegusa kiini cha jambo kuliko wajumbe wote wa LEGCO, kwa kuwa hata huko Uingereza bunge lilikua katika ugomvi wa namna hiyohiyo, tangu mabaroni walipombana Mfalme John mwaka 1215 asitoze malipo fulani bila ridhaa ya baraza la ufalme. Huko hakuna mfalme aliyelizawadia taifa lake bunge.

Wala uhuru haukuumaliza ugomvi huo. Machifu waliondolewa madaraka mwaka 1963, chama kimoja kikawa sheria mwaka 1965, halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na vyama vingi vikarudi mwaka 1992. Leo Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, iliyomegwa kutoka Chunya, na katika mji huo mmoja wanaishi diwani aliyepigiwa kura na mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 anapoona amani iko hatarini. Bwana shauri angemtambua mrithi wake mara moja.

Hapo ndipo imani ya zawadi inapoumiza. Aliyefundishwa kwamba uwakilishi uliletwa husema mbunge ametuletea barabara, wakati mchimbaji mdogo wa dhahabu amekwisha kukatwa mrabaha kabla hata hajalipa deni la karasha. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ukutane kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kikao kinapoahirishwa mara ya pili kwa madai kuwa akidi haikutimia, na mama mmoja akasimama na stakabadhi ya mchango wa darasa mkononi akauliza fedha ziko wapi, wapo watakaomwita mkorofi. Na bwana shauri wa Same naye aliwaona hivyohivyo wale waliopiga kambi mlangoni pake.