Msiichome alizeti mwitu

Naomba kuitetea alizeti mwitu. Huku magharibi mwa Kenya tunaipanda kuwa ua wa shamba, kisha ikirefuka wengi huifyeka na kuichoma. Inaniuma sana kuona moshi ule! Majani yake makavu yana nitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu takriban asilimia 4, mbolea ambayo dukani tunainunua kwa taabu. Fosforasi ni kidogo, kwa hiyo penye udongo wenye upungufu huo bado utahitaji kuongeza.

Kupanda ni rahisi. Kata kijiti kilichokomaa cha sentimita 30 hivi, kisimamishe au kiinamishe ardhini mvua zinapoanza. Usikifukie kikiwa kimelala, hakichipui vizuri. Mimi hukata matawi mabichi kabla maua hayajafunga mbegu, maana ikiachwa inavamia hadi shamba la jirani, na asili yake si hapa, ni Meksiko na Amerika ya Kati. Majani na vijiti laini navikatakata, nafukia kwenye mashimo ya mahindi. Huoza upesi. Yale mashina magumu mama hupikia.