Daftari la Gesi Kisimani

Wanachama wenzetu, asikiaye habari za kuchimba mvuke katika nchi ya volkano hufikiri kwanza mitambo na moto. Sisi twataka kunena habari za karani wa zamu ya usiku na daftari lake, kwa kuwa twaona kazi yake haijapewa heshima iipasayo.

Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya kwanza vya mvuke vilianza kuchimbwa mwaka 1956, na umeme ukapatikana mwaka 1981. Ardhi ya namna hiyo haitoi mvuke mtupu. Hutoa kabonidayoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo ni nzito kupita hewa, hata hulala kama maji katika shimo la mdomo wa kisima, mahali pale pale mtu ashukapo kufunga koki. Watu wa Goma waijua sana. Mahali ituamapo hupaita mazuku. Huko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ilitoka katika ziwa Nyos ikaua watu zaidi ya 1,700.

Tena kuna haidrojeni salfaidi, inukayo kama yai viza. Wengi husema, "Tutaisikia harufu, tutakimbia." Hapo ndipo wapoteapo! Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika sehemu 1,000,000 za hewa, huua nguvu ya pua, na mtu hudhani imekwisha, kumbe imezidi.

Kwa hiyo gesi hupimwa kwa chombo. Tope lishushwalo bombani ili kupoza keekee hurudi juu likichukua vipande vya mwamba na gesi za huko chini. Lakini tope lina mwendo wake. Gesi ionekanayo saa nane usiku si ya kina cha saa nane, bali ni ya kina kilichopitwa kabla ya hapo. Asiyeandika saa na kina pamoja hajaandika neno. Na tope likipotea katika nyufa, aandike "halikurudi", wala asiandike sifuri, maana sifuri humwambia msomaji kwamba pana salama. Huko Krafla, Aisilandi, mwaka 2009, keekee ilikuta mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha meta 2,100 hivi, nao wachimbaji hawakuutazamia.

Tumepata kuona daftari, hatusemi la wapi, saa zote za usiku zimejazwa kwa wino mmoja, tarakimu zile zile toka juu hata chini. Hatumlaumu karani peke yake. Mtu asiyepewa chombo cha kuvaa kifuani, wala ruhusa ya kusimamisha kazi pasipo kumwamsha mkubwa wake, aandike nini?

Twawaomba wakubwa wa kazi wampe karani chombo hicho, na idhini ya kupiga king'ora yeye mwenyewe. Nanyi, ndugu zetu, mkikuta zamu iliyopita imeacha nafasi tupu daftarini, msiijaze. Pigeni mstari, mtie sahihi na saa mliyoikuta.